Kiondo cha Mikono Miwili

Syombua aliingiza sindano ya gunia chini ya uzi, akauinua, akauvuta taratibu mpaka ukatoka. Kisha akaingiza tena. Kufumua mstari mmoja wa kiondo, kwa mtu mwenye haraka, ni kazi ya robo saa. Yeye alikuwa amekaa juu ya kigoda tangu saa nne asubuhi na hajamaliza hata mmoja, na sasa jua lilikuwa limehamia matundu ya misumari kwenye bati za upande wa pili.

"Unafumua ama unasuka upya?" mama yake aliuliza.

"Nafumua, Mwaitu. Uzi umebana."

"Umebana kwa sababu aliyeusokota anajua kazi. Hilo simnyimi."

Mama yake, Kasyoka, alikuwa akifunga vyombo ndani ya shuka. Vyombo vyenyewe havikuwa vingi: sufuria mbili, mwiko, na sahani walizopewa na mama mdogo, ambaye chumba chake hapa Kawangware ndicho kilichowahifadhi kwa majuma matatu. Keshokutwa lori la mbao lingewachukua hadi Machakos. Kasyoka hakutaka kiondo kile kiingie kwenye lori kikiwa vile.

Alikuwa amekiona asubuhi hiyo tu. Kasyoka hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini kiondo alikijua kukisoma kama padri anavyosoma misale. Alikigeuza juu chini, akapitisha kidole gumba kutoka kitakoni kwenda juu.

"Hapa ni wewe," alisema. Kidole kikapanda kutoka mstari mweupe hadi ule wa kahawia. "Na hapa ni nani?"

"Mwanafunzi mwenzangu, Mwaitu. Tulipangwa wawili wawili."

"Mwenzako huyu ni mwanamume."

Syombua akageukia kukunja blanketi.

"Mwanamke hakazi hivi. Huyu amezoea kushona kitu kigumu. Halafu ni wa mkono wa kushoto, tazama msokoto unavyolala. Wako unalalia huku, wake unalalia kule." Kasyoka aliinua macho. "Pale Kianda, mtaani kwetu, namjua mwanamume mmoja tu wa mkono wa kushoto anayeshona kitu kigumu. Alinibadilishia soli Pasaka iliyopita."

Syombua alikuwa amefuta kila ujumbe kwenye simu. Picha waliyopigwa wawili kule bwenini alikuwa ameitia katikati ya Biblia, kwenye kitabu cha Hesabu, ambacho hakuna mtu nyumbani anayekifungua. Lakini kiondo alikuwa amekiacha wazi juu ya godoro, na kiondo ndicho kilichosema yote.

"Kifumue," mama yake alisema, bila kelele. "Machakos kila mwanamke atakayekishika ataona nilichokiona. Na ndugu yako Mutinda akisikia jina la kabila la hao waliotufukuza sasa hivi, sijui atafanya nini."

Ugumu wa kazi ulikuwa huu: mistari ilikuwa imepandana, mmoja wake, mmoja wa Okeyo, upana wa kidole kimoja kimoja, kumi na miwili kwa jumla na nusu ya kumi na tatu. Huwezi kutoa mstari wa Okeyo bila kwanza kutoa wa Syombua ulioukalia juu.

* * *

Yote yalianza na tangazo kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa, pale Olympic: masomo mafupi ya watu wazima, Jumamosi alasiri, ya kujifurahisha tu, hakuna mtihani wala cheti. Kusuka vyondo, wiki kumi. Atakayependa ataendelea na majuma mawili ya kulala hukohuko, milimani Machakos.

Mama yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Binti wa Kikamba anaenda darasani kufundishwa kiondo! Kesho utaandikishwa shule ya kunywa maji." Lakini yeye ndiye aliyekuwa akimpiga Syombua vidole kwa mwiko alipokuwa mdogo, kila alipokosea, mpaka mtoto akauchukia uzi. Mwalimu Kathini hakumpiga mtu. Alisema kosa ni la kutazamwa kwanza.

Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, wanawake kumi na wanaume wawili. Mmoja alikuwa Shivachi, askari wa usiku kwenye lango la Nyayo Highrise, ambaye kiondo chake kilikataa kupanda juu mpaka darasa likakiita sinia. Wa pili alikuwa Okeyo, fundi viatu. Siku ya kwanza Mwalimu Kathini aliwaambia waweke uzi pajani na wausokote kwa kiganja. Wanawake wakainua sketi kidogo, wakachekana. Okeyo akakunja suruali ya mguu wa kushoto, akasokota mara moja, uzi ukatoka mwembamba na mgumu kama waya.

"Umefundishwa wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Uzi wa viatu tunausokota hivi kila siku. Sikujua kama ni wa akina mama."

Darasa zima lilicheka. Syombua alicheka pia, kisha akatazama mkono ule wa kushoto, na alipoinua uso akakuta Okeyo anamtazama yeye. Hakuna aliyetangulia kuondoa macho.

Novemba walienda milimani. Siku tano za kuamshwa na kengele, watu wazima wenye watoto na madeni ya dunia, wakilala kwenye vitanda vya chuma vya ghorofa kama wanafunzi, wanawake huku, wanaume kule. Chai saa nne chini ya misonobari, kazi mpaka jua lizame. Mwalimu aliwapanga wawili wawili: kila jozi kiondo kimoja, suka upana wa kidole, mpe mwenzako. Wangekimalizia kwenye juma la pili, Februari, wakitie mdomo na mikanda. Desemba nzima, waliporudi Kianda, kiondo kilitembea kati ya nyumba zao kimefungwa kwenye gazeti. Kilipofika kwa Syombua kikiwa na mstari mpya wa kahawia, alijua Okeyo yu mzima na alimwaza. Siku waliyokimbia, vita vya baada ya uchaguzi vilipofika Kianda, ilikuwa zamu yake kukaa nacho. Alitoka nacho na sufuria moja.

* * *

Mtu aligonga bati mara mbili.

"Hodi! Ni mimi, askari wa sinia."

Kasyoka alifungua. Shivachi aliingia nusu ya mwili, kofia yake ya kazi mkononi. "Mama, habari ya kutwa. Nimekuja na shemeji yangu. Kwa hapa nje yeye ni shemeji yangu, ameoa kwetu Vihiga, tafadhali tusibishane hilo." Akatabasamu, lakini jasho lilikuwa linamtiririka masikioni. "Nimempitisha kona tatu, na zote wameuliza jina. Mna nusu saa. Mimi nitakaa kwa hiyo jerikeni nikisema naumwa na mguu."

Nyuma yake alisimama Okeyo. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni, na kifuani palitokeza kitu kilichofichwa. Hakuangalia chumba, hakuangalia mizigo. Alimtafuta Syombua kwa macho, akampata kwenye kigoda, akatulia hapo kama mtu aliyetua mzigo.

"Habari yako, Mama Mutinda," alisema.

"Kwa hivyo wewe ndiye wa mkono wa kushoto," alijibu Kasyoka.

Okeyo aliangalia mkono wake, kisha kiondo, akaelewa. "Ndiyo, mama."

"Ingia. Mgeni hasimamishwi mlangoni, hata kama hakualikwa. Mutinda amepelekwa kubadilishwa bendeji, atarudi saa kumi. Akukute umeenda."

Okeyo aliketi juu ya gunia la nguo. Kati yake na Syombua kulikuwa na hatua mbili, na kwenye hatua hizo mbili uzi uliofumuliwa ulikuwa umelala sakafuni, umejikunjakunja.

"Unakifumua," alisema.

"Nimeambiwa."

"Umefika wapi?"

"Sijamaliza hata ule wangu wa juu. Nilikuwa naenda polepole." Aliichomeka sindano kwenye kiondo. "Simu yako ilizimwa."

"Iliibiwa. Nambari yako nilikuwa naijua kwa kichwa, lakini kila nikiomba simu ya mtu anauliza nampigia nani." Alifungua vifungo viwili vya juu, akatoa mikanda miwili ya ngozi, mipya, iliyopakwa mafuta. "Nilikata hizi kabla ya Krismasi. Nilitaka uzione milimani, siyo hapa."

"Februari haiko, Okeyo. Mwalimu alituma ujumbe. Vile vitanda vimejaa watu waliotoka makwao."

"Shivachi aliniambia."

Syombua aliichukua ngozi, akainyoosha juu ya goti lake. Ilikuwa na joto la mwili wa Okeyo.

"Nyinyi mnaenda," alisema Okeyo.

"Keshokutwa."

"Mimi siendi popote. Mama hataki kuondoka Kianda, anasema akienda Homa Bay atakufa kwa aibu ya kurudi mikono mitupu. Kwa hivyo nitakuwa palepale." Aliweka viganja juu ya magoti. "Sikuja kukuomba ubaki. Nimekuja kuuliza jambo moja. Haya yakiisha, hata kama ni mwaka, hata kama ni miwili, ile ahadi yetu ya kule milimani, ya kuoana, iko ama haiko?"

Kasyoka aliendelea kufunga shuka. Alifunga fundo lililokwisha kufungwa.

Syombua alijua anatakiwa kumtazama mama yake kwanza. Hakumtazama. "Iko," alisema. "Nitangoja."

Okeyo alifumba macho. Kwa kitambo chumba kile cha bati kilikuwa na watu wawili tu. Hakumgusa, wala hakusogea, lakini Syombua alimwona usoni yule mtu wa chini ya misonobari, aliyekuwa akimpokeza kiondo kwa mikono miwili kana kwamba kina maji.

"Basi," alisema Okeyo akisimama. "Hiyo inanitosha. Nitaenda."

Alikuwa amefika mlangoni Kasyoka aliposema, "Ngoja."

Okeyo aligeuka.

"Mimi sikupendi kuwa mkwe," alisema yule mama. "Sitadanganya. Lakini haki ya mtu apewe. Mutinda siku ile aliyokatwa vidole, kwanza alikimbilia kwako. Hakukimbilia kwa Mkamba mwenzake, alikimbilia kwako. Alibisha. Anasema hakukuwa na mtu. Na hata sasa, pamoja na uchungu wote alionao na watu wenu, huwa anasema: lakini Okeyo angekuwepo, angefungua." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Kwa hivyo nenda salama. Nikipata siku nzuri nitamwambia. Polepole, lakini nitamwambia."

Hicho ndicho kilichokuwa kipimo kikubwa kabisa ambacho Kasyoka angeweza kumpimia mtu, na Syombua alijua. Alitaka kucheka, alitaka kulia. Alimgeukia Okeyo ili wagawane furaha hiyo.

Okeyo hakuwa na furaha. Alikuwa ameshika fremu ya mlango, na rangi ya uso wake ilikuwa kama ya majivu.

"Nenda," alisema Syombua. "Muda unaisha."

"Siwezi." Alirudi, akaketi tena kwenye gunia. "Mama, usimwambie hivyo Mutinda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwepo."

Nje, Shivachi alisikika akimweleza mtu habari za mguu wake.

"Ulikuwepo wapi?" aliuliza Syombua.

"Ndani. Mimi na mama. Tulikuwa tumezima taa ya chemli, tumekaa chini. Nikasikia mbio, halafu nikasikia mtu anagonga mlango na mkono wote."

"Labda hukumjua ni yeye."

Alikuwa anampa njia. Okeyo aliiona, wala hakuifuata.

"Aliniita jina. Mara tatu. 'Okeyo, ni mimi Mutinda, fungua.' Nikasimama. Mama akanitangulia, akaweka mgongo wake kwenye mlango. Akaniambia, nyathina, mwanangu, ukifungua watatumaliza sote. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Nilikuwa nimelishika."

"Mama yako ni mzee," Syombua alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ungeweza kumsogeza."

"Ningeweza."

"Kwa mkono mmoja."

"Kwa mkono mmoja, ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu hakuita tena. Nikasikia wameshuka naye upande wa mtaro." Alikuwa akiongea na sakafu. "Nilifungua baadaye. Hakukuwa na mtu. Kiatu chake kimoja kilikuwa pale. Ninacho nyumbani. Sijui nikifanye nini."

Hakuna aliyelia. Hilo ndilo Syombua angelikumbuka baadaye, kwamba hakuna aliyelia. Kasyoka alikuwa amekaa chini polepole, miguu imenyooshwa mbele, kama wanawake wanavyokaa matangani.

"Kwa nini umesema?" aliuliza Syombua. "Nilikuwa nimeshakubali. Ulikuwa umeshasimama uende. Kwa nini hukuenda?"

"Ungeningoja miaka miwili. Ungemngojea mtu ambaye angefungua mlango, na huyo si mimi."

"Ungeniacha nimngojee!"

"Syombua."

"Ungeniacha! Mimi nina nini kingine? Niambie, huko Machakos nina nini kingine?"

Okeyo alinyoosha mkono juu ya zile hatua mbili. Ulikuwa mkono wa kushoto, haukuwa na nia nyingine, ulikuwa tu ndio mkono wake. Syombua aliutazama. Aliyajua makovu yake yote ya sindano, kidole baada ya kidole. Alitaka kuushika. Mwili wake ulikuwa umeshaanza kuinama kuuelekea. Halafu akaliona komeo ndani ya kiganja kile, akakaa wima.

Mkono ulirudi ulikotoka.

"Mimi sitasema mama yako alikosea," Kasyoka alisema ghafla, kwa sauti kavu. "Wewe, fundi, sikiliza. Mama yako angekuwa mimi, na Mutinda angekuwa wewe, na mimi ningeweka mgongo mlangoni. Ningeweka na kichwa. Kwa hivyo sitasema alikosea, wala wewe. Lakini Mutinda hana vidole viwili. Nitakupakulia chakula vipi, yeye akiwa ng'ambo ya meza anashika kijiko kwa kiganja? Niambie tu vipi."

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui."

Bati liligongwa. "Shemeji," Shivachi aliita, na safari hii hakukuwa na mzaha ndani yake. "Twende. Watu wanaongezeka kwa kona."

Syombua alishika ile mikanda ya ngozi, akamnyooshea Okeyo bila kumtazama. "Chukua. Shonea mtu viatu."

"Haifai viatu. Nimeshaitoboa matundu ya kiondo." Alisimama, akafunga vifungo mpaka shingoni. "Iweke. Ama itupe."

Alingoja. Syombua alijua anangoja neno, neno lolote, hata tusi. Alilitafuta. Alitafuta chini ya ulimi na chini ya moyo, hakukuwa na kitu. Mlango ulifunguka, mwanga wa alasiri ukamwagika sakafuni juu ya ule uzi, kisha mlango ukafungwa. Nyayo za watu wawili zilisikika, za mmoja zikichechemea kwa makusudi.

Syombua alivuta kigoda karibu, akachukua kiondo, akachukua sindano.

Safari hii hakuenda polepole. Aliingiza, akainua, akavuta. Mstari wake wa juu uliisha kabla maji ya chai hayajachemka. Akaingia kwenye wa Okeyo, ule wa kahawia, na uzi mgumu ukaanza kumkata kwenye kiungo cha kidole. Hakuacha. Uliokwisha kutoka haukunyooka. Ulijisokota wenyewe juu ya paja lake, ukielekea kushoto, na kila alipoupangusa ulirudi vilevile. Akavuta. Wa Okeyo ukaisha, ukaja wake mweupe, nao akauvuta kwa hasira ileile, kama ni wa mtu mwingine. Damu kidogo iliingia kwenye weupe.

"Syombua," mama yake alisema.

Akavuta.

"Syombua. Umebaki na mingapi?"

Alihesabu kwa kidole. "Kumi."

"Tosha. Mutinda anaingia sasa hivi, asikukute hivyo. Utamalizia kesho."

"Nataka kuimaliza leo."

"Kesho, nimesema."

Kasyoka alimwondolea kiondo mikononi, si kwa nguvu. Alikishika ukingoni, pale uzi wa kahawia wa Okeyo ulipokuwa unaning'inia wazi, tayari kwa sindano. Kiondo kikiachwa hivyo, ncha ikiwa huru, hujifumua chenyewe kikibebwa huku na huku. Yule mama aliitazama ncha ile kwa muda, akailamba, akaisokota kwa vidole viwili kuelekea kushoto, kama ilivyokuwa imezoea. Kisha akaifunga fundo dogo, la kubana, akakiweka kiondo juu ya kabati mahali ambapo Mutinda hangekifikia.

Langoni walisikia kikohozi cha Mutinda. Syombua alijifuta kidole kwenye sketi, akasukuma mikanda ya ngozi chini ya godoro, akaenda kumfungulia ndugu yake mlango.